Dawa za Chuma kwa Wenye Upungufu wa Damu: Namna ya Kuzichagua na Kuzitumia

Katika maduka ya dawa yaliyo vichochoroni mwa Silanga, mtaa mmojawapo wa Kibera ulio karibu na Bwawa la Nairobi, wateja wengi huja na swali moja: "Iko dawa ya kuongeza damu?" Mwenye duka huwaonyesha rafu. Juu yake mna vidonge vya bei nafuu, mna vidonge vya rangi vilivyofungwa katika karatasi ing'aayo, na mna chupa za maji matamu zilizopambwa kwa picha. Zote husemwa kuwa ni dawa za kuongeza damu, lakini si zote zilizo sawa, wala bei kubwa si dalili ya chuma kingi. Asiyejua kuyasoma maandiko ya chupa aweza kutoa fedha za chakula cha nyumba yake, akapata chuma kidogo kuliko kile ambacho angepewa katika kliniki. Kwa hiyo yafaa kila mtu, mume kwa mke, afahamu dawa hizi ni nini, huchaguliwaje, na humezwaje.

KAZI YA CHUMA MWILINI

Damu ni nyekundu kwa sababu chembe zake zina kitu kiitwacho himoglobini, na himoglobini haiwezi kufanyika pasipo madini ya chuma. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo: katika misuli ya mchukuzi, katika ubongo wa mwanafunzi, na katika tumbo la mama alipo mtoto. Chuma chote kilicho katika mwili wa mtu mzima ni gramu 3 au 4 tu, uzito wa msumari mdogo. Lakini kidogo hicho kikipungua, mwili mzima hulegea.

Upungufu hauji kwa siku moja. Kwanza mwili hutumia akiba yake, iliyowekwa hasa katika ini na katika uboho wa mifupa. Akiba ikiisha, ndipo damu yenyewe hupungua. Mgonjwa huchoka upesi, huhema apandapo mlima au achukuapo mtungi wa maji, moyo humdunda, kichwa humzunguka, na nyama ya ndani ya kope zake huwa nyeupe. Wengine hupata hamu ya kula udongo. Watafiti waliowachunguza wajawazito wa Kilifi katika miaka ya 1990 waliona ya kuwa tabia ya kula udongo na upungufu wa chuma huenda pamoja. Basi mama mwenye hamu hiyo asichekwe, bali apelekwe akapimwe damu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya wakati wa kujifungua. Mama mwenye damu ya kutosha aweza kupoteza damu kiasi fulani na kupona. Mwenzake aliyefika hospitali akiwa na damu chache, akipoteza kiasi hicho hicho, maisha yake huwa hatarini. Ndiyo maana vidonge vidogo ambavyo wengi huviacha mkebeni si jambo la kupuuzwa.

KUPIMA KWANZA, KISHA DAWA

Si kila uchovu ni upungufu wa damu, wala si kila upungufu wa damu watokana na ukosefu wa chuma. Malaria huivunja damu. Kifua kikuu, Ukimwi na maradhi ya figo huipunguza. Tena kuna ugonjwa wa seli mundu, ambao mtoto hurithi kwa wazazi wake, na ambao huonekana sana katika jamaa zenye asili ya Nyanza, ya Magharibi na ya Pwani. Mtoto wa seli mundu hana damu ya kutosha, lakini huenda mwili wake hauna haja ya chuma hata kidogo, hasa kama amekwisha kutiwa damu mara nyingi, kwa maana damu ile huja na chuma chake. Kumpa mtoto huyo dawa ya chuma bila ya kumpima ni kumtwika mzigo asiouhitaji.

Kipimo chenyewe si kigumu. Tone la damu la kidoleni latosha kuonyesha kiasi cha himoglobini. Kwa kawaida, mwanamke asiye na mimba huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 12 katika kila desilita moja ya damu. Mjamzito akiwa chini ya gramu 11. Na mwanamume akiwa chini ya gramu 13. Mahali palipoinuka, kama Nairobi iliyo yapata mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mwili huhitaji damu zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo waganga hukiongeza kipimo hicho, na mtu wa Kibera asijilinganishe moja kwa moja na ndugu yake wa Mombasa. Mjamzito aliye chini ya gramu 7 asitegemee vidonge peke yake. Na aende hospitali siku ile ile.

Kisha yapasa kuuliza: damu inakwenda wapi? Katika miaka ya 1950 watafiti Henry Foy na Athena Kondi, waliokuwa katika maabara ya Wellcome mjini Nairobi, walichunguza sana upungufu wa damu wa watu wa Afrika Mashariki, wakaeleza jinsi minyoo ya safura inavyouondolea mwili chuma chake. Minyoo hiyo hujishika katika utumbo na kunyonya damu siku kwa siku. Kumpa mtu huyo chuma na kumwachia minyoo yake ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka. Dawa ya minyoo iitwayo albendazoli hutolewa mara moja kwa wakati, lakini mama aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba asiinywe.

Mwanamke apatwaye na hedhi nyingi kupita kiasi naye atafute tiba ya jambo hilo. Na mwanamume, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akiambiwa ana upungufu wa chuma, asitosheke na vidonge. Yawezekana ana kidonda au uvimbe tumboni utoao damu pole pole pasipo yeye kujua. Huyo na achunguzwe hospitali.

AINA ZA DAWA NA HESABU YA CHUMA

Chuma cha dawa hakitolewi peke yake, bali kimeunganishwa na kitu kingine, na muungano huo huitwa chumvi ya chuma. Zilizo maarufu ni tatu: ferasi salfeti, ferasi fumarati, na ferasi glukonati. Hapa ndipo wengi hukosea. Tarakimu iliyoandikwa mbele ya kasha mara nyingi ni uzito wa chumvi nzima, wala si uzito wa chuma kilichomo. Ni kama gunia la mahindi yasiyopukuchuliwa: uzito wa gunia ni wa punje pamoja na magunzi, lakini alaye hula punje.

Kidonge cha ferasi salfeti kavu cha miligramu 200 kina chuma miligramu 65. Kidonge cha ferasi fumarati cha miligramu 200 kina chuma kiasi hicho hicho. Kidonge cha ferasi glukonati cha miligramu 300, ingawa ni kizito kuliko hivyo viwili, kina chuma miligramu 35 tu. Basi mtu aliyekichagua hicho kwa kuwa tarakimu yake ni kubwa, amepata karibu nusu ya chuma alichokitaka. Glukonati si dawa mbaya. Wengine ambao matumbo yao husumbuliwa na salfeti huivumilia, kwa sababu chuma chake ni kidogo. Lakini ajue anapata nini.

Kuna pia vidonge vya bei ya juu vilivyotengenezwa ili vitoe chuma pole pole, au vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni. Wauzaji husema havichafui tumbo. Lakini chuma huingia mwilini hasa katika sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo. Kidonge kikichelewa kuyeyuka hupita mahali hapo na chuma chake, na faida hupotea. Ndiyo sababu tumbo halikusumbuliwa: chuma hakikutoka kwa wakati wake. Tena kuna dawa zenye chuma cha aina ya feri, kama ile iitwayo polimaltosi. Hizo huvumilika vizuri, lakini chuma cha aina ya feri kwa kawaida huingia mwilini kwa shida kuliko kile cha ferasi, na bei yake ni kubwa.

Maji ya dawa, yaani sharubati, yawafaa watoto wadogo na watu wasioweza kumeza kidonge. Lakini mnunuzi na asome: kijiko kimoja cha mililita 5 kina chuma miligramu ngapi? Chupa nyingine zimejazwa majina mengi ya vitamini, na chuma chake ni haba. Vitamini hizo haziwezi kushika nafasi ya chuma. Na asiyeweza kusoma asione haya kumwuliza mwenye duka amsomee.

Mtu asidhani kwamba kidonge cha bei nafuu ni dawa hafifu. Mfaransa Pierre Blaud aliwatibu wagonjwa wake kwa vidonge vya chumvi ya chuma katika miaka ya 1830, na ferasi salfeti ingali dawa ya kutegemewa hata leo. Urahisi wa bei yake watokana na ukale wake na wingi wake.

KIASI GANI, NA SIKU ZIPI

Zamani wagonjwa wengi waliambiwa wameze kidonge mara tatu kwa siku. Elimu ya sasa yaonyesha ya kuwa wingi huo mara nyingi ni kazi bure. Ini hutoa kitu kiitwacho hepsidini, ambacho ni kama bawabu mlangoni. Chuma kingi kikiingia leo, bawabu huufunga mlango kwa muda wa siku nzima hivi, na kidonge kifuatacho hubaki nje, yaani tumboni, kikileta maumivu. Mnamo mwaka 1917 jambo hili halikujulikana. Mwaka 2017 watafiti wa Zürich, nchini Uswisi, walitangaza kwamba wanawake wenye akiba ndogo ya chuma waliomeza dawa siku moja na kuacha siku moja walipata sehemu kubwa zaidi ya chuma cha kila kidonge kuliko waliomeza kila siku.

Kwa hiyo kwa watu wazima wengi kidonge kimoja chenye chuma cha miligramu 60 au 65, mara moja kwa siku, chatosha. Na ambaye tumbo lake lasumbuka aweza kumwuliza mganga kama ameze siku moja na kuruka moja. Mjamzito asibadilishe mpango wake kwa shauri lake mwenyewe. Nchini Kenya yeye hupewa kidonge kimoja kilichounganisha chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400, akimeze kila siku mpaka atakapojifungua.

NAMNA YA KUMEZA

Kidonge humezwa vizuri kwa maji, tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake. Maji ya chungwa au ya ndimu husaidia chuma kuingia. Chai, kahawa na maziwa hukizuia. Na hapa pana shauri kwa watu wa Silanga na wa Kawangware, ambao asubuhi yao haianzi bila chai ya maziwa: kidonge kisimezwe kwa chai, wala karibu na chai. Wakati wa kulala, saa mbili baada ya chakula cha jioni, ni wakati mwema. Mtu akitapika au kuchafukwa na moyo, na ale chakula kidogo pamoja na kidonge. Chuma kitakachoingia kitapungua kidogo, lakini ni afadhali kuliko kuacha kabisa.

Dawa nyingine hazipatani na chuma. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo, dawa za jamii ya tetrasaiklini na siprofloksasini zapasa kutengwa nayo kwa saa kadhaa. Mtu anayetumia dolutegraviri, dawa ya virusi vya Ukimwi, aimeze saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake. Au ameze zote mbili pamoja na chakula. Amwambie mwuguzi dawa zote anazozitumia, asifiche hata moja.

TAABU NDOGO ZISIZO ZA KUOGOPWA

Mtu mezaye chuma huona choo chake kimekuwa cheusi. Wengi huogopa, wakadhani damu imeharibika, wakavitupa vidonge. Weusi huo ni mabaki ya chuma kisichoingia mwilini, wala hauna madhara. Choo kilicho cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka vibaya, hicho ni jambo jingine, kwa maana chaweza kuwa ni damu. Mtu na aende hospitali. Choo kigumu hulainika kwa kunywa maji mengi na kula mboga na matunda. Sharubati huweza kuacha doa katika meno. Mtoto na asukutue kinywa baada ya kuinywa.

Dawa ikifanya kazi, himoglobini hupanda kwa gramu 2 hivi katika majuma matatu au manne. Kwa hiyo mgonjwa arudi kupimwa. Isipopanda, ama hakumeza, ama anazidi kupoteza damu, ama ugonjwa wake ni mwingine. Na ikipanda, kazi haijaisha. Aendelee kwa muda wa miezi mitatu tangu damu irudi katika kipimo chake, ili akiba iliyo katika ini ijae. Aachaye mara aonapo nguvu zimerudi, huanza upya baada ya muda mfupi.

WATOTO, MALARIA NA CHUMA

Kisiwani Pemba, katika miaka ya 2002 na 2003, ulifanyika uchunguzi mkubwa wa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Pemba ilikuwa na malaria nyingi wakati huo. Mwezi wa Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa, kwa kuwa watoto waliopewa walizidi wenzao kwa asilimia 12 katika kuugua sana au kufa. Lakini miongoni mwa watoto waliopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2006, na baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mahali penye malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na chandarua, na kupima malaria, na kuitibu.

Kwa upande wa wajawazito, uchunguzi wa wanawake 470 wa vijijini Nyanza, uliochapishwa mwaka 2015, haukuonyesha kwamba chuma kiliongeza maambukizo ya malaria kwa kiasi cha kutia shaka, na watoto waliozaliwa na mama waliopewa chuma walikuwa wazito kwa wastani wa gramu 150 kuliko wengine.

Nairobi haina malaria nyingi, lakini wengi wa Silanga husafiri wakati wa likizo kwenda Siaya, Homa Bay au Busia pamoja na watoto wao. Mtoto anywaye dawa ya chuma na alale ndani ya chandarua huko, na akipata homa apelekwe upesi kupimwa.

Tena kuna hatari iliyo ndani ya nyumba yenyewe. Vidonge vya chuma vyenye rangi hufanana na peremende. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge 10 vya miligramu 60 amepata sumu iwezayo kumwua. Katika chumba kimoja ambamo jamaa nzima hulala, hupika na kula, mkebe wa dawa na utundikwe juu, palipofungwa, mtoto asipoweza kupafikia. Ikitokea amemeza, apelekwe hospitali mara moja hata kama aonekana mzima, kwa maana sumu hii huweza kutulia kwa saa kadhaa kabla ya kuzidi.

CHAKULA

Dawa huponya upungufu uliokwisha kutokea, na chakula huuzuia usirudi. Chuma cha maini, cha nyama na cha omena huingia mwilini kwa urahisi. Chuma cha maharagwe, ndengu, kunde, terere na sukuma wiki huingia kwa uzito, lakini nyanya, ndimu au chungwa katika mlo huo hukisaidia. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wasagaji watie chuma na madini mengine katika unga wa ngano na wa mahindi uuzwao katika pakiti. Unga wa posho mill haujatiwa chuma kwa sheria hiyo, basi atumiaye unga huo azidishe bidii katika mboga na omena.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Mtu asimamapo mbele ya rafu ya dawa na aulize mambo manne. Je, damu yangu imepimwa? Kidonge hiki kina chuma chenyewe miligramu ngapi? Je, hutoa chuma chake upesi au pole pole? Na je, kliniki haitoi dawa kama hii bila malipo? Mwenye kupata majibu ya maswali hayo hatapotezwa na picha ya chupa. Haba na haba hujaza kibaba: kidonge kimoja, kwa maji, mbali na chai, kwa miezi kadhaa bila kuchoka, humrudishia mama nguvu zake kabla ya siku ya kujifungua haijafika.